MKONO WA FUNDI: Baiskeli ya Umeme kwa Mzee Asiyetaka Kukaa Kitako

Mzee aliyezoea baiskeli tangu ujana wake hapendi kuambiwa aiache. Miguu ikianza kumsaliti, yeye hutoa sababu nyingine: leo jua ni kali, kesho mpira umetoboka, keshokutwa sokoni hakuna kitu cha maana. Watu wa nyumbani huitikia tu, nao wanajua. Baiskeli huegemezwa ukutani, kuku hulala juu ya usukani wake, na mtu aliyekuwa akienda zahanati na msibani kwa hiari yake huanza kumngoja mjukuu atoke shule ndipo amtume, au huhesabu shilingi za bodaboda kabla ya kuvaa viatu.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mstaafu mwenye umri wa miaka 68, mkazi wa Teso, upande wa Kumi, ambako sehemu kubwa ya nchi ni tambarare na baiskeli ni chombo cha watu wengi. Zahanati anakochukua dawa ya shinikizo la damu iko umbali wa kilomita 9, yaani kilomita 18 kwenda na kurudi. Zamani njia hiyo haikumtoa jasho. Sasa goti la kulia humwuma kabla hajafika nusu, na kile kipando kirefu baada ya daraja humlazimisha ashuke asukume. Mwanawe, ambaye ni konstebo wa polisi mjini, ameahidi kumnunulia mota ya umeme ya kufungwa kwenye baiskeli. Jambo jema. Lakini mota aliyoipenda kijana ni ya wati 1,000, na mwuzaji amemhakikishia kwamba itakimbia kilomita 45 kwa saa. Fundi wa pale senta aliposomewa habari hizo alicheka, kisha akanyamaza.

"Afande," akasema, "huyu kijana anataka kukununulia pikipiki isiyo na breki za pikipiki."

Fundi alisema kweli, na wako wengi wenye kuingia katika kosa hilo kwa mapenzi mema. Baiskeli ya mzee haianzi na mota. Inaanza na mwili wa mzee mwenyewe: goti lisilokunjika vizuri, shingo isiyogeuka upesi, mkono usio na nguvu ya zamani, na mifupa ambayo ikivunjika nyongani huenda mwenyewe asisimame tena wima. Kila kitu kingine hupimwa kwa kipimo hicho.

Fikra yenyewe si ngeni. Tarehe 31 Desemba 1895 Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hati ya uvumbuzi wa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na betri iliyoning'inizwa katikati ya fremu, mpangilio ambao hauna tofauti kubwa na unaofungwa na mafundi hivi leo. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha huko Japani ilitoa baiskeli ambayo mota yake husaidia tu mwendeshaji anapokanyaga, nayo hukoma akiacha. Nchini humo baiskeli za namna hiyo zimekuwa chombo cha kina mama wenye watoto wadogo na cha wazee. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria imeweka mpaka wa wati 250 na kilomita 25 kwa saa. Mota ikizidi hapo, chombo hakihesabiwi tena kuwa baiskeli ya kawaida.

Je, wati 250 zatosha kwa kipando cha sajini? Hesabu yake si ngumu. Mzee ana kilo 75. Baiskeli pamoja na betri na kifurushi ni kilo 35. Jumla kilo 110. Kipando chenye kupanda mita 6 kwa kila mita 100 kikipandwa kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa hutaka wati 180 hivi za kuinua uzito huo, na wati nyingine 35 au 40 za kushindana na mchanga wa njia. Mzee mwenye afya aweza kutoa wati 50 kwa miguu yake bila kuhema. Zinazobaki, kama 170, mota ya wati 250 huzitoa. Mahali kama Kabale, penye vilima vikali vinavyofuatana, mambo ni mengine, na huko mota yenye nguvu zaidi au yenye kusukuma kwa kupitia cheni na gia hufaa kufikiriwa. Kwa nchi tambarare, wati 1,000 ni fedha iliyotupwa, na mbaya zaidi ni mwendo wenyewe. Baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa hubeba nguvu ya kugonga karibu mara tatu ya ile inayokwenda 15. Ikifika 45 ni mara tisa. Mbuzi wa kando ya njia hawajui hesabu hiyo.

Baada ya mota kukubaliwa, ugomvi wa pili ulihusu fremu. Sajini alitaka mota ifungwe kwenye baiskeli yake nyeusi ya zamani, iliyomlea tangu alipokuwa koplo. Fundi alikataa, naye alikuwa na hoja tatu. Kwanza, baiskeli hiyo ina bomba la juu. Kijana hurusha mguu nyuma juu ya kariya bila kufikiri. Mzee mwenye nyonga ngumu husimama kwa mguu mmoja akiyumba, na baiskeli iliyoongezewa uzito wa betri humvuta upande. Wazee wengi huanguka si wakiwa mwendoni bali wakipanda au wakishuka. Pili, baiskeli nyeusi za mtindo wa Kiingereza aghalabu zina spoki 32 katika gurudumu la mbele na 40 katika gurudumu la nyuma, na mota nyingi zinazouzwa zina matundu 36. Kwa hiyo ringi ya zamani haiingiliani nayo. Tatu, breki zake ni za fimbo, zenye kubana ringi ya chuma kwa ndani, nazo zikilowa mvua hukumbuka kazi yake baada ya mita nyingi.

Pakazuka wazo la kulikata lile bomba la juu na kuchomea jingine chini. Wako mafundi wanaoifanya kazi hiyo, na fremu ikatoka ikipendeza kwa rangi mpya. Isifanywe. Bomba la juu ndilo linalozuia kichwa cha fremu kisirudi nyuma. Likiondolewa, na kiungo kikachomewa kwa mkono wa kubahatisha, ufa huanza mahali pasipoonekana, chini ya rangi, na siku ya kukatika haitoi taarifa.

Iliyonunuliwa ni baiskeli iliyotumika, ya chuma, yenye bomba la chini, ile inayoitwa ya kike. Hapo sajini alinuna. Mtu aliyeamrisha gwaride apandie baiskeli ya bibi? Mkewe, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akauliza kama wale watakaomcheka ndio watakaombeba kumpeleka hospitali. Basi. Kengele ya baiskeli nyeusi ikafunguliwa, ikafungwa kwenye usukani mpya, na kariya yake ngumu nayo ikahamishwa. Hiyo ndiyo suluhu iliyopatikana, nayo si ndogo kwa mzee.

Wengine hushauri magurudumu matatu. Kwa mtu ambaye hawezi tena kujishikiza, ni shauri zuri, kwani chombo husimama peke yake. Lakini yafaa ijulikane kwamba cha magurudumu matatu hakilali upande kwenye kona kama baiskeli. Kikikatishwa kona kwa kasi, gurudumu la ndani huinuka. Vile vile hutaka njia pana na isiyolala upande mmoja, nazo njia za kwenda mashambani si hivyo. Mzee mwenye mizani nzuri abaki na magurudumu mawili, mradi akiwa juu ya kiti aweze kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili. Kiti kwa hiyo huteremshwa kuliko desturi. Atapoteza nguvu kidogo ya kukanyaga, na hasara hiyo ndiyo mota inayoilipa.

Usukani uwe wa juu, wenye kurudi nyuma kumwelekea mwendeshaji, ili mgongo ukae wima. Matairi yawe mapana, ya inchi 2 au karibu na hapo, yasijazwe upepo hadi yakawa kama jiwe. Kioo cha kutazamia nyuma kifungwe upande ambao magari hupita. Mzee akilazimika kugeuza shingo ili aone lori, usukani nao hugeuka.

Sasa gurudumu. Mota ya kitovu huja ya namna mbili. Moja haina gia ndani; ni nzito, yadumu sana, lakini umeme ukikatika huwa ngumu kuikanyagia. Nyingine ina gia ndogo ndani yake, ina uzito wa kilo 2 hadi 3 na kitu, ina nguvu ya kuanzia kwenye kipando, na umeme ukiisha gurudumu huzunguka kwa wepesi. Hii ya pili ndiyo ya mzee. Betri ikizimika njiani, arudi nyumbani kama alivyokuwa akirudi zamani, polepole.

Kuifunga mbele ni kazi rahisi, na ndiyo sababu mafundi huipenda. Lakini gurudumu la mbele likisukumwa kwenye mchanga huteleza, nalo likiteleza hakuna wa kuliokoa. Ifungwe nyuma, ambako uzito wa mtu uko. Mota nyingi za nyuma hutaka nafasi ya milimita 135 baina ya miguu ya fremu. Nafasi hiyo ipimwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Liko jambo hapa ambalo wajenzi wengi wa nyumbani hulipuuza kwa kuwa halionekani. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake nayo husukumwa kuzunguka nyuma kwa nguvu ile ile. Katika gurudumu la kawaida ekseli haina kazi hiyo. Nati zake hubana tu. Katika mota, ekseli imechongwa bapa pande mbili ili ishikwe na mwanya wa fremu, na mwanya ukipanuka, ekseli itazunguka, itakata nyaya zake na gurudumu litatoka mahali pake. Dawa yake ni kipande cha chuma cha pua chenye tundu la kushika ubapa wa ekseli, kilichofungwa kwa boliti kwenye bomba la fremu. Fundi asiyekifunga kipande hicho hajamaliza kazi, hata kama gurudumu linazunguka.

Breki ziwe mbili, mbele na nyuma, za kubana ringi ya aluminiamu kutoka pande zote mbili, au za disiki. Vishikio vyake viwe vile vyenye swichi ndani, ambavyo mzee akivigusa tu umeme wa mota hukatika. Mtu aliyeshtuka hukamata kila kilicho mkononi mwake. Ndiyo maana kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki hakimfai: akishtuka hukikaza, na kukikaza ni kuongeza mwendo. Hata akiwa anaisukuma baiskeli kwa miguu kupita mlangoni, akikigusa yaweza kumchomoka. Kidude kidogo cha kubonyezwa kwa dole gumba ni salama zaidi, na kidole kikiachia, mota huacha.

Kuna pia kifaa cha pedali, kisahani chenye sumaku ndogo ndogo, kinachoijulisha mota kwamba mtu anakanyaga. Kile cha bei nafuu hujua tu kwamba pedali inazunguka. Hakijui kama mtu anakanyaga kwa nguvu au kwa ulegevu. Matokeo yake mota hungoja kidogo, kisha husukuma kwa mkupuo. Kijana hufurahi. Mzee anayejaribu kugeuza baiskeli katika uwanja mwembamba hurushwa kwenye uzio. Akitumia cha namna hiyo, kiwekwe katika daraja la chini kabisa, na kisanduku cha kuongozea umeme kitegwe kisipite kilomita 18 kwa saa. Sajini alipewa 16, akalalamika, akazoea.

Betri ndiyo yenye gharama na ndiyo yenye hatari. Betri tatu za risasi za volti 12, zile nzito zilizofungwa, zikiunganishwa hutoa volti 36, lakini zikiwa za ampea-saa 12 zina uzito wa kilo 12 hivi, na zikizoeshwa kumalizwa kabisa hufa mapema. Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma yenye chembe 12 zilizofuatana hutoa volti 38 na nusu hivi; ikiwa ya ampea-saa 10 hubeba kiasi cha wati-saa 380 kwa uzito unaokaribia kilo 4 au 5. Baiskeli ya mwendo wa upole hula wati-saa 12 kwa kilomita, zaidi au chini kidogo. Kilomita 18 za sajini ni wati-saa 216. Anarudi nyumbani na akiba, na akiba hiyo ina maana, kwani betri huchakaa mwaka hadi mwaka na upepo wa mbele hauulizi ruhusa.

Aina hiyo ya lithiamu hustahimili joto na makosa kuliko nyingine, ijapokuwa hakuna isiyoweza kuwaka. Isiyoruhusiwa nyumbani mwa mtu yeyote ni ile inayoundwa kwa chembe zilizookotwa katika kompyuta mbovu na kuunganishwa kwa risasi ya moto. Chembe zenye umri tofauti hazishibi pamoja. Moja hujaa kupita kiasi wakati nyingine ina njaa, na iliyojaa kupita kiasi huvimba, hutoa moshi, huwaka moto unaoruka. Betri inunuliwe ikiwa imekamilika, na kibao chake cha ulinzi ndani. Chaja iwe ya betri ile ile. Ya chembe 12 za fosfeti ya chuma hufika volti 43.8, na ile ya lithiamu ya kawaida ya volti 36 hufika 42. Zinafanana kwa umbo na hata kwa plagi, lakini kuzibadilishana ni kukosea. Karibu na betri, kwenye waya wa chanya, iwekwe fyuzi ya ampea 20 kwa kisanduku cha ampea 15. Anayeziunga nyaya avue saa na pete kwanza, maana betri hii ikiunganishwa chanya kwa hasi kwa bahati mbaya huyeyusha pete ikiwa kidoleni.

Betri ikae chini na katikati, karibu na pedali kadiri iwezekanavyo. Ikiwekwa juu ya kariya, baiskeli huwa kama mama aliyebeba ndoo mbili kichwani. Kisanduku cha umeme kifunikwe, na kila waya uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata.

Mahali pa kuchajia ni shauri la mwenye nyumba, na kwa kawaida mama ndiye mwenye neno. Betri isichajiwe chini ya kitanda, wala karibu na mlango pekee wa kutokea, wala ndani ya nyumba ya nyasi, wala usiku watu wakiwa wamelala. Sakafu ya saruji barazani, penye kivuli, mchana, macho ya mtu yakiwapo: hapo ndipo pake. Chaja ya ampea 2 humaliza kazi kwa saa 5 au 6, na umeme wa gridi uliotumika haufiki nusu yuniti. Nyumba ya sola yenye bamba la wati 100 huweza kupata kiasi cha wati-saa 350 siku ya jua zuri, kama hakuna redio na taa nyingi za kugawana. Betri iliyoanguka, iliyovimba au yenye harufu tamu ya ajabu itolewe nje na isichajiwe tena. Ikiwaka, watu watoke kwanza. Baiskeli nyingine yaweza kununuliwa.

Kabla ya kuingia barabarani, kijana wa sajini alifanya alilopaswa kufanya kama polisi: aliuliza katika ofisi ya usalama barabarani jinsi chombo hicho kinavyohesabiwa, badala ya kumwachia baba yake alijue jibu kwenye kizuizi. Mganga naye aliulizwa, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na miwani ya miaka minane iliyopita si miwani tena. Kofia ngumu ilinunuliwa.

Mazoezi yalikuwa katika uwanja wa mpira wa shule, asubuhi ya Jumamosi. Siku ya kwanza mota haikuwashwa kabisa. Alipanda, akashuka, akapanda tena, mara 20, kwa kuwa baiskeli ilikuwa na uzito mgeni. Siku ya pili ilikuwa ya breki peke yake. Mota ilikuja siku ya tatu, kwa daraja la kwanza, na fundi alikimbia kando yake mzunguko mmoja, kisha akasimama, akipumua.

"Inatosha, Afande! Mimi sina betri!"

Kila baada ya kilomita 20 kwa safari za mwanzo, nati za ekseli na kile kipande cha kuizuia hukaguliwa kwa spana. Spoki za gurudumu jipya hulegea zikishakaa. Hukazwa upya baada ya kilomita 100 hivi, na tena baada ya 300. Breki hutazamwa kila Jumapili. Baiskeli nyeusi bado iko ukutani, haina kengele, na kuku wameirudia.